Bilauri za Kitengela: Uhakiki wa Vyombo vya Kioo vya Anselm Croze

Sanaa ikitajwa, mawazo ya wengi huenda kwenye vitu vya kutazamwa: picha iliyotundikwa ukutani, sanamu iliyosimamishwa uwanjani, au mlango wa nakshi katika nyumba kongwe ya Lamu au Unguja. Chombo cha kulia na kunywea hakitajwi upesi. Kiko karibu mno nasi. Hushikwa kila siku, huoshwa kila siku, na kikivunjika huzolewa kwa ufagio. Kwa sababu hiyo wahakiki wetu wamekiacha mikononi mwa wauzaji, na wauzaji wana lugha yao: kila kitu kwao ni kizuri, kila kitu ni cha pekee, na kila kitu chafaa kuwa zawadi. Lakini kazi hainufaiki na sifa za namna hiyo. Fundi asiyeambiwa wapi amepatia na wapi amepungukiwa huachwa peke yake na kazi yake.

Makala haya yanakusudia kutia katika mizani ya uhakiki vyombo vya kioo vifanyizwavyo kwa mkono Kitengela, kusini ya Nairobi, katika karakana ya Anselm Croze. Dai langu ni moja. Vyombo hivi hupata uzuri wake vinapotii mambo mawili, yaani ugumu wa kioo kuukuu na haja ya mkono na mdomo wa mnywaji; na hupungukiwa vinapouacha utii huo ili kumpendeza mnunuzi wa kupita. Msomaji ataona ya kuwa dai hili si dogo, maana likikubaliwa litatulazimu kuvihukumu vyombo kwa sheria zake vyenyewe, si kwa sheria za picha na sanamu.

Kwanza yafaa kueleza asili ya kazi hii. Yapata mwaka 1980, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianza kazi ya vioo vya rangi mahali palipo karibu na korongo la mto Mbagathi, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa hasa ya kioo baridi: vipande vilivyokatwa na kuunganishwa kuwa madirisha, nakshi na picha za ukutani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanawe, Anselm, alianzisha upande wa kioo moto, yaani kioo kinachoyeyushwa na kupulizwa. Mama na mwana walitumia kitu kimoja, lakini ufundi wao ni mbali kama ufundi wa seremala na wa mhunzi. Mwenye kioo baridi aweza kusimama, akatazama, akageuza shauri lake, akarudi kesho. Mwenye kioo moto hana kesho. Analo lile bonge linalowaka ncha ya bomba, na kila nukta inayopita inampokonya nafasi ya kusahihisha.

Ufundi wa kupuliza kioo ni wa kale. Ulianza katika nchi za pwani ya Shamu katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Kristo, ukaenea katika dola ya Rumi. Kwa karne nyingi ulikuwa siri ya miji na ya viwanda. Mwaka 1291 watawala wa Venezia waliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, na mafundi wa huko walichungwa wasitoe elimu yao nje. Hata katika karne ya 20, Ulaya na Marekani, msanii aliyetaka chombo cha kioo alichora umbo lake karatasini na kulipeleka kiwandani, wengine wakampulizia. Mwaka 1962 Harvey Littleton, akisaidiwa na Dominick Labino aliyejua sana elimu ya kioo, alionyesha katika jumba la makumbusho la Toledo, jimbo la Ohio, ya kuwa kioo chaweza kuyeyushwa katika tanuri dogo nje ya kiwanda, na msanii mwenyewe akashika bomba. Tangu hapo karakana ndogo zilitokea katika nchi nyingi. Karakana ya Kitengela ni mjukuu wa jambo hilo, lakini mjukuu aliyekulia katika mazingira mengine, na tofauti ya mazingira hayo ndiyo yenye kutuhusu.

Tofauti hiyo imo katika kioo chenyewe. Msanii wa Ulaya au Marekani hununua kioo kilichotungwa makusudi kwa kazi ya mkono: kioo laini, chenye magadi mengi, kinachokawia kuganda na kumpa fundi muda wa kuvuta, kupinda na kukata. Croze hutumia kioo kuukuu, vigae vya madirisha na chupa zilizokwisha kazi yake. Ingawa asili ya kioo hicho ni ile ile, yaani mchanga, magadi na chokaa, vipimo vyake vimetungwa kwa ajili ya mashine. Mashine ya chupa yataka kioo kigande upesi, ili itoe chupa moja na kuanza nyingine mara moja. Sifa hiyo, iliyo neema kwa kiwanda, ni taabu kwa mkono. Kioo kinachogandia bombani kabla fundi hajamaliza shauri lake hakikubali shingo nyembamba, mguu mrefu, wala ukingo mwembamba kama ganda la yai.

Kuna na taabu nyingine. Vioo vya asili mbalimbali havitanuki wala havisinyai kwa kadiri moja. Vikichanganywa bila kuangalia, chombo hutoka tanurini kizima, kikapasuka baadaye chenyewe, pengine siku kadhaa zikiisha kupita. Tena kioo cha dirisha kina chembe za chuma, na chuma hukipa rangi ya kijani hafifu ambayo huonekana wazi pale kioo kinapokuwa kinene. Na kioo kilichoyeyushwa bila kuachwa muda mrefu katika moto mkali hubaki na mapovu, maana hewa haipati nafasi ya kutoka. Basi unene, rangi ya kijani na mapovu, mambo matatu ambayo mtazamaji huyadhani kuwa ni mtindo uliochaguliwa kwa mapenzi, chanzo chake ni masharti yaliyowekwa na kitu chenyewe.

Mfano wa jambo hili tunao katika ushairi wetu. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita hakujichagulia mizani hiyo; aliikuta. Lakini hatumsifu kwa kuifuata tu, wala hatumlaumu kwa kufungwa nayo. Twamsifu akiifanya mizani ionekane kana kwamba mawazo yake yasingeweza kutoka kwa njia nyingine. Yule ambaye vina vyake vinamsukuma kusema asilolikusudia, huyo twasema ameshindwa, hata akihesabu silabi zake sawasawa. Kwa kipimo hiki twaweza sasa kuingia katika vyombo.

Nianze na bilauri ya maji, kwa kuwa ndiyo chombo kikuu cha karakana hii na ndiyo yenye kuonyesha kwa ukamilifu fikira zake. Ni nzito. Tako lake ni nene, na chini yake lipo kovu la mahali iliposhikizwa fimbo ya chuma ili mdomo wake urudishwe motoni. Ukuta wake hauko sawa pande zote. Kidole kikizunguka huhisi pahala palipobonyea kidogo na pahala palipojaa. Mdomo wake ni mviringo mnene, uliolainishwa kwa moto. Ukiziweka bilauri sita pamoja huoni mbili zilizolingana kabisa, lakini huwezi kukosea kuwa ni za ukoo mmoja.

Je, bilauri hii ni nzuri? Nasema ni nzuri, na sababu zangu si za macho peke yake. Uzito wake uko chini, kwa hiyo haianguki upesi, na katika mkono hutulia. Kule kubonyea kwa ukuta, ambako katika kitu cha kiwandani kungekuwa kasoro, ndiko kidole kinakojishikiza. Mdomo mnene haufai kwa divai, lakini kwa maji baridi au maji ya ndimu wafaa sana, maana mnywaji huhisi chombo kabla ya kinywaji, na hunywa kwa utulivu. Mapovu hukamata nuru na kuitawanya, hata maji matupu yakaonekana kuwa na uhai. Hapa masharti ya kioo kuukuu yamegeuzwa kuwa faida, moja baada ya jingine, wala hakuna hata moja lililofichwa. Hiyo ndiyo maana yangu ya utii.

Kadhalika majagi na mabakuli makubwa. Jagi la maji lataka unene, kwa kuwa mpini wake hubeba uzito wote linapomiminwa, na kioo hiki kina unene wa kutosha. Bakuli pana lataka rangi itakayokubaliana na matunda na saladi, na kijani hafifu cha kioo cha dirisha hakishindani na chochote kilichomo ndani yake. Katika vyombo hivi fundi hakupigana na kioo. Amekiuliza chaweza nini, akakifanya hicho.

Lakini si kila chombo kina sifa hiyo. Bilauri za divai zenye mguu, kwa maoni yangu, ndizo zilizo dhaifu. Umbo lake limetoka katika nchi ambazo kioo laini kilivutwa mpaka kikawa chembamba kama uzi, na kila sehemu yake ina sababu: mguu huepusha joto la mkono, tumbo hukusanya harufu, ukingo mwembamba huuacha ulimi na kinywaji bila kizuizi. Kioo kigumu kikilazimishwa katika umbo hilo, mguu huwa mnene kama kidole, tumbo huwa zito kuliko mguu, na ukingo husimama kati ya mdomo na divai. Wengine husema ya kuwa uzito huo una uchangamfu wake. Sikatai. Lakini uchangamfu si jawabu kwa swali la matumizi. Hapa vina vimemsukuma mtunzi.

La pili ni rangi. Pale ambapo rangi ya bluu au ya kaharabu imetiwa kwa mkanda mmoja mdomoni, au imeenea chombo kizima kwa kadiri moja, yasaidia kuonyesha umbo. Pale ambapo rangi mbili tatu zimezungushwa pamoja kama mawingu, jicho huvutwa na mchezo wa rangi, na umbo husahauliwa. Chombo kama hicho hupendeza sana dukani, penye taa, kikiwa kitupu. Mezani, kikiwa na sharubati ndani yake, rangi hugombana na kinywaji. Nadhani hapa fundi amemfikiria anayenunua kuliko anayekunywa, na hao si watu wawili tu, ni nyakati mbili: kununua ni kwa saa moja, kunywa ni kwa miaka.

Yuko atakayesema ya kuwa natetea ubovu kwa jina la sanaa. Kwa nini, atauliza, povu liitwe uzuri Kitengela na liitwe kasoro katika kiwanda cha chupa? Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu lisilozungukazunguka. Kasoro ni jambo linalokizuia chombo kufanya kazi yake. Povu dogo ndani ya ukuta mnene halizuii chochote. Povu lililo juu kabisa, likapasuka na kuacha ukali mdomoni, ni kasoro, hata likitoka mkononi mwa bingwa. Bilauri isiyosimama imara ni kasoro. Kovu la chini lisilosagwa, likakwaruza meza, ni kasoro. Kiwandani povu hukataliwa kwa kuwa ukuta wa chupa ni mwembamba na chupa hubeba kinywaji chenye nguvu ya gesi. Povu hapo ni pahala pa kupasukia. Basi sheria ni moja kwa wote, ila kazi za vyombo ni mbalimbali. Ndiyo maana mhakiki wa vyombo hawezi kukaa mbali na kutazama tu. Sharti ashike, atie maji, anywe.

Fikira hii si ngeni kwa watu wa pwani. Katika nyumba kongwe za Lamu na Pate ukuta wa ndani ulijengwa kwa safu za vidaka, na ndani ya vidaka viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na nchi nyingine za ng'ambo. Bakuli na sahani za Kichina zilijengewa hata katika makaburi, kama yaonekanavyo katika kaburi la mnara la Mambrui na katika makaburi ya Kunduchi, ingawa nyingi kati yake zimekwisha kung'olewa. Chombo cha kulia basi kiliheshimiwa mpaka kikapewa kazi ya kumkumbusha mtu maiti wake. Na iko desturi ya kombe: aya huandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Katika desturi hiyo maandishi, chombo na kinywaji ni kitu kimoja. Wazee wetu hawakuona shida ya chombo kuwa na matumizi na kuwa na utukufu kwa wakati mmoja. Shida hiyo tumeikuta katika mafunzo ya baadaye, yaliyotenga sanaa kubwa na sanaa ndogo.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Nimeyaita vyombo haya kwa jina la bilauri, wala sikusema glasi, ingawa glasi ndilo neno linalosikika zaidi siku hizi. Glasi tulilipata kwa Waingereza. Bilauri tulilipata kwa Waarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni jiwe angavu lipenyalo nuru. Mpinzani aweza kusema, basi jina hili halizifai bilauri za Kitengela, kwa sababu haziangazi kama jiwe hilo. Zina ukungu wa kijani na mapovu. Lakini neno halihukumiwi kwa asili yake tu. Sahani, sufuria na birika zilikuja kwetu na maana zake za Kiarabu, nasi tukazipa maana zetu kwa kuzitumia. Maana ya neno ni matumizi yake kati ya wasemao. Na hivyo ndivyo nilivyosema kuhusu chombo: uzuri wake wajulikana katika matumizi yake kati ya wanywao. Bilauri si mng'aro. Bilauri ni chombo cha kioo ambacho mgeni hupewa maji.

Hata hivyo ukweli ni kwamba lugha yetu ina utajiri wa majina ya vyombo na umaskini wa majina ya utengenezaji. Tunalo tanuri, koleo na mkasi. Lakini bomba la kupulizia, fimbo ya kushikizia, na tanuri la pili ambamo chombo hupozwa polepole kutoka joto la nyuzi 500 na zaidi ili kisipasuke, vyote hivi twavieleza kwa kuzunguka. Hili si jambo la aibu, maana ufundi wenyewe ni mpya kwetu. Lakini mafundi wapo. Kitengela wapo, na Arusha pia, katika karakana ya Shanga iliyoanzishwa mwaka 2007, watu wenye ulemavu hufanya vyombo na shanga kutokana na chupa kuukuu. Mahali popote watu wanapofanya kazi moja pamoja, wakipeana kitu cha moto mkono kwa mkono, huzaa maneno, maana bila maneno wataungua. Maneno hayo yangefaa kukusanywa kutoka vinywani mwao kabla kamati haijawatungia mengine.

Jambo hili lanipeleka kwenye swali la jina la msanii. Kazi ya kioo moto mara nyingi huwa ya kundi. Mmoja huchota kioo tanurini, mwingine hupuliza, mwingine huleta fimbo, mwingine hufungua mlango wa tanuri la kupozea. Tunaposema vyombo hivi ni vya Anselm Croze, twasema kweli kwa maana ya kuwa yeye ndiye aliyeanzisha kazi na kuweka mitindo. Lakini pumzi iliyomo ndani ya bilauri, na alama ya mkono iliyo ukutani mwake, pengine ni ya fundi mwingine, Mkenya ambaye jina lake halimfikii mnywaji. Desturi hii haikuanzia Kitengela; Murano ilikuwa hivyo, na viwanda vyote vya Ulaya. Lakini vyombo ambavyo thamani yake yote ni kule kufanywa kwa mkono vina deni kwa mkono huo. Alama ndogo ya fundi chini ya tako, kando ya jina la karakana, isingepunguza sifa ya mwenye karakana. Ingewafunza wanunuzi kutofautisha mkono na mkono, na ingewafunza mafundi kuwa kazi yao husomwa.

Limebaki suala la mezani kwa nani. Bilauri ya mkono haiwezi kuuzwa kwa bei ya glasi ya kiwandani, kwa hiyo nyingi huishia katika hoteli, katika nyumba za wenye nafasi, na katika masanduku ya wasafiri. Silaumu jambo hilo, kwa kuwa tanuri la kioo halizimwi usiku, na moto wake una gharama hata siku isiyouzwa kitu. Lakini lina hatari kwa sanaa yenyewe. Fundi hufuata macho ya anayemlipa. Mnunuzi akiwa daima ni mtu wa kupita, atakayeweka chombo rafuni kuwa kumbukumbu ya safari, basi kidogo kidogo rangi zitazidi, miguu itarefuka, na bilauri nzito ya maji, iliyo bora kuliko zote, itaonekana kuwa kitu cha kawaida mno. Kinga ya hatari hiyo ni wanywaji, watu watakaoitumia kila siku, wakasema mdomo huu ni mzuri, na huu ni mkali, nao wakasikiwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika bilauri za maji, majagi na mabakuli, Croze na mafundi wake wamefanya jambo ambalo kioo laini kisingewafundisha: wamechukua kitu kilichotungwa kwa ajili ya mashine, kikatumika, kikatupwa, wakakipatia umbo linalokiri asili yake na kumfaa mtu. Katika bilauri za divai na katika michanganyo ya rangi wameazima ufasaha usio wao. Mwenye kutaka kuthibitisha au kuipinga hukumu hii asiridhike na kusoma kurasa hizi. Na achukue bilauri moja, aijaze maji, ampe mgeni wake kwanza, kisha anywe yeye.